Lord Maccon hakustahili kusamehewa, na msiniambie ni vichekesho tu

Wakuu, nimevumilia mpaka nimeshindwa. Kama hujamaliza Changeless, kitabu cha pili cha mfululizo wa riwaya za Gail Carriger, pita kando, maana namwaga mwisho wote.

Kila nikimlalamikia Lord Maccon, mume wa shujaa wetu Alexia na mwanaume anayegeuka mbwa mwitu, najibiwa, "Ni vichekesho, punguza jazba." Sipunguzi. Ucheshi wa huyu mama mwandishi naupenda sana. Soulless ya 2009, kitabu cha kwanza, inaanza na Alexia Tarabotti kuvamiwa na vampaya maktabani, katikati ya sherehe ya dansi, na kinachomkera ni kwamba jitu lenyewe halina adabu, hata kutambulishwa kwake halijatambulishwa! Nilicheka mpaka machozi. Mwamvuli wa Alexia, kofia mbaya za rafiki yake Ivy, umbea wa vampaya Lord Akeldama, vyote vitamu.

Ila mwisho wa kitabu cha pili Alexia, sasa mke wa Maccon, anaonekana ana mimba, na mume anamwita mzinzi. Eti wanaume wanaogeuka mbwa mwitu hawazai. Jamani! Alexia hana roho, na kiumbe yeyote wa aina hiyo akiguswa naye anarudi kuwa binadamu palepale. Tumeambiwa hivyo tangu mwanzo kabisa. Sasa hiyo mimba ingeingiaje bila mume kumgusa mkewe? Na huyu bwana si mjinga wa kijijini, ni bosi wa ofisi ya serikali inayosimamia viumbe hao jijini London. Uchunguzi ndiyo kazi yake, lakini kwa mkewe alikuja na hukumu mkononi.

Halafu Blameless, kitabu cha tatu. Alexia anarudi kwao, kwao wanamfukuza, Malkia Victoria anamtoa kwenye baraza lake, mji mzima unamsema. Mume yuko wapi? Analewa, anagugumia mpaka fomalini, ile dawa ya kuhifadhia mizoga, huku msaidizi wake Profesa Lyall akihangaika kumfunika aibu. Hapo ndipo tunatakiwa tucheke.

Mnasahau hadithi iko Uingereza ya miaka ya 1870. Kwa sheria ya talaka ya 1857, mume alitakiwa athibitishe uzinzi wa mkewe tu, basi, ameachana naye. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi na kosa jingine juu yake, mathalani ukatili au kutelekezwa, na hali ilibaki hivyo mpaka 1923. Mwanamke wa wakati ule akiitwa mzinzi na mumewe alikuwa amekwisha. Mwandishi anayejua mpaka chai ya wakati ule inanywewaje analijua hilo vizuri, ndiyo maana naumia.

Na anayefunga safari mpaka Italia kutafuta ushahidi ni mjamzito mwenyewe, akiwindwa njia nzima! Tangu lini mtuhumiwa akamtafutia mtuhumu ushahidi? Mume anafuata baadaye, anaomba radhi, anapokelewa.

Mnaosema alijutia vya kutosha, niambieni alipoteza nini. Cheo anacho, kundi lake la mbwa mwitu analo, mke karudi, mtoto anakuja. Alexia alipoteza nyumba, kazi na jina. Nasubiri majibu.