Samaki wa dhahabu wanahema juu ya maji, joto hili la kaskazi litawamaliza! Naombeni ushauri

Mama_Ghorofani:
Asalam aleykum wadau. Mwanangu kanunuliwa na mjomba wake samaki wa dhahabu wanne na tangi la kioo la lita 40 hivi, tokea mwezi wa kumi wapo vizuri tu wanakula wanacheza. Sasa limeingia joto hili, na mie nakaa Michenzani ghorofa ya juu kabisa, juu yetu zege tupu linapigwa jua kutwa, jioni ukigusa ukuta utasema kikaango. Juzi narudi kazini saa kumi nawakuta wote wamepanda juu, midomo nje, wanahema kama mtu aliyepanda ngazi zetu na ndoo mbili. Kutia kipimajoto, 33! Nikababaika, nikachukua barafu bakuli zima nikamwaga humo humo. Yule mwenye mkia kama shela akenda ubavu ubavu mpaka chini, asubuhi tumemkuta keshakufa. Mtoto kalia hata skuli hakwenda. Hawa watatu waliobaki niwafanye nini jamani? Kiyoyozi sina na sitonunua kwa ajili ya samaki, na umeme wenyewe ndo huu unaokwenda na kurudi.

Fundi_Fuoni:
Waaleykum salaam, pole dada. Naona barafu ndo iliyommaliza kuliko hilo joto. Maji yakishuka kwa vishindo samaki anapigwa na mshtuko, ukitaka kushusha iwe nyuzi moja, mbili kwa saa, basi. Chukua chupa ya maji ya lita na nusu, usiijaze mpaka juu itapasuka, igandishe, ifunge kifuniko vizuri, iache ielee. Moja tu kwanza, na kipimajoto usikiondoe. Ikiyayuka irudishe kwenye friza tia nyengine. Tena anza mapema, saa tano asubuhi, usingoje ifike 33 ndo uanze mbio.

Mchokozi_Darajani:
Ndimu, pilipili na mafuta ya moto dada, shida imekwisha 😂

Mama_Ghorofani:
We kama huna la kusema kanywe urojo huko, mtoto anasoma hapa.

Mzee_wa_Hodhi:
Mwanangu tatizo lako kubwa ni pumzi. Maji ya nyuzi 20 yanashika oksijeni miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 zinabaki 7 na nusu hivi, na samaki akipata joto mwili unataka pumzi zaidi, sasa ndo apande juu akatafute hewa. Hawa asili yao Uchina, wanapenda maji ya baridi, raha yao nyuzi 18 mpaka 24, ambazo kwetu huzipati hata ufanyaje, lakini akizoea pole pole na hewa ipo ya kutosha 29 au 30 anaishi. Wale wenye matumbo mviringo na mikia ya mapambo ndo dhaifu, wenye mkia mmoja wa kawaida wagumu. Kwa hio vua huo mfuniko, tia chandarua juu wasiruke, taa ya tangi izime mchana, na feni ndogo uielekeze ipulize juu ya maji, ukipuliza kioo unajisumbua bure. Maji yanapokwenda na upepo ndo yanapoa, ila yatapungua, utakuwa unaongeza. Na pampu ya hewa unayo?

Mama_Ghorofani:
Ninayo ila umeme ukikatika nayo inazima. Na maji naongeza kila siku mzee, saa nane nikipata nafasi, nafungua bomba tu.

Fundi_Fuoni:
Hilo bomba linatoka tangi la juu ya paa, lile jeusi?

Mama_Ghorofani:
Ndio

Fundi_Fuoni:
Lahaula, saa nane hayo ni ya kukogea mzazi! Unawachemsha mwenyewe. Kinga usiku kwenye ndoo, yalale, hata kama yana dawa itapungua, asubuhi ndo utie. Pampu nunua ya USB, itakula pawabenki. Na siku pawabenki nayo imekufa chukua kopo, chota maji humo humo, yamwage toka juu mara ishirini thalathini, yakitoa povu hewa inaingia. Nimewahi kukesha hivo mpaka alfajiri.

Binti_Wete:
Mie niko Wete, kwetu tunatumia mtungi, bibi kauweka ukumbini juu ya mchanga pale penye upepo, asubuhi ukiushika kwa nje umelowa wote na maji ndani baridi ya kupendeza. Maji yaliyolala yatie humo, kisha uyaongeze kwenye tangi la samaki kidogo kidogo. Mtungi mpya uoshe uloweke kwanza. Tangi nalo lisogeze, liko ukuta wa magharibi nabashiri?

Mama_Ghorofani:
Hasa dada, chini ya dirisha, mjomba mtu kasema wapate mwanga 🤦🏾‍♀️

Mzee_wa_Hodhi:
Liondoe leo, ila punguza maji kwanza, ukilinyanyua limejaa kioo kitapasuka. Chakula nacho wape kidogo asubuhi, kinachobaki kinaoza na joto linaifanya sumu yake kuwa kali zaidi. Na wanne kwa lita 40 ni wengi, hata watatu wamebanana.

Mama_Ghorofani:
Narudi wadau, siku ya tano leo. Tangi nimelipeleka ukumbini karibu na mlango, feni juu, chupa mbili kwa zamu, mtungi nimepata Mwanakwerekwe. Leo saa kumi 29 na nusu, wote wako chini wanachokoa mchanga. Mzee hodhi lako lina nafasi ya wawili? Mtoto kakubali, ila anataka awe anakuja kuwaona ijumaa.

Mzee_wa_Hodhi:
Lipo chini ya mwembe, waje. Waletwe alfajiri, kwenye ndoo.

Mchokozi_Darajani:
Na yule marehemu?

Mama_Ghorofani:
Kazikwa kwenye chungu cha mrehani, barazani. Na usiulize tena.