Nyotamkia ya magharibi: nyota zinatoka ndefu kama mchele, mkia hauonekani. Nakosea wapi?

mwangaza_dom · Jumatatu 14 Oktoba 2024, saa 4:10 usiku

Habari za usiku wakuu. Naomba msaada kuhusu nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS inayoonekana upande wa magharibi jua likishazama.

Vifaa: Nikon D5600, lenzi ya 18-55 (AF-P) iliyokuja na kamera, lenzi ya 50mm f/1.8, na tripodi nyepesi ya aluminiamu. Nipo Dodoma mjini.

Leo nimepiga kwa 55mm, f/5.6, ISO 6400, sekunde 20, JPEG. Nyota zimetoka ndefu kama punje za mchele, anga lote rangi ya chungwa, chenga (vidoa vidoa vya picha ya gizani) kibao, na nyotamkia yenyewe ni doa la ukungu. Mkia ni wa kubahatisha, wakati kwa macho nauona kabisa.

Je, niongeze ISO au sekunde? Na hiki kimondo kitaendelea kuonekana hadi lini?

---

Bi_Darubini · saa 4:52 usiku

Tuanze na jina maana litakusaidia hata kupanga. Kimondo kinawaka sekunde moja na kupotea. Hii ni nyotamkia, inakaa wiki kadhaa na kila jioni inahama kidogo kati ya nyota. Kwa hiyo una muda, ila si mwingi kama unavyodhani.

Usiongeze sekunde wala ISO. Sekunde 20 ndizo zilizokuharibia. Anga linazunguka sekunde 15 za tao (kipimo cha pembe, digrii moja ina 3600) kila sekunde moja ya saa. Kwa 55mm kwenye kamera yako ya megapikseli 24, pikseli moja inabeba takriban sekunde 15 za tao. Yaani kila sekunde ya shata nyota inahama pikseli moja, na kwa sekunde 20 ni mstari wa pikseli 20. Huo ndio mchele wako. Na nyotamkia siku hizi ipo karibu kabisa na ikweta ya anga, sehemu ambako mwendo huu ni mkubwa kuliko kwingine kote.

Utasikia watu wanasema "gawa 500 kwa milimita". Kanuni hiyo ni ya enzi za filamu. Kwa sensa za leo gawa 300, tena kwanza zidisha milimita kwa 1.5 kwa sababu sensa yako ni ndogo. Lenzi ya 50mm: 300 gawanya kwa 75, sekunde 4. Kwa 18mm ni sekunde 11. Ukitaka nyota ziwe nukta hasa, 50mm ipige kwa sekunde 2 na nusu.

Weka pembeni ile 18-55. Mwanga unaokusanywa unategemea apecha (tundu la lenzi, namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa), na f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. ISO haikusanyi chochote, inakuza tu kile kilichoingia pamoja na chenga zake. Tumia 50mm, lakini si kwa f/1.8: nyota za kwenye kona zitatoka zikiwa na mbawa kama ndege. Ibane hadi f/2.5 au f/2.8.

Jambo la pili ni saa. Dodoma jua linazama kwenye saa 12 na nusu jioni, na giza kamili linaingia dakika 70 hivi baadaye, saa 1 na dakika 40. Huku kwetu karibu na ikweta vitu vya angani havizami kwa kuteleza pembeni, vinashuka wima: digrii moja kila dakika 4. Kesho tarehe 15 nyotamkia itakuwa na digrii 30 hivi jua likizama, na karibu digrii 13 giza likikamilika, yaani ngumi moja na kitu ukinyoosha mkono. Itafute kulia kwa Zuhura, ngumi mbili, chini kidogo. Kufikia saa 2 usiku itakuwa chini ya digrii 10, na hapo unaipiga kupitia hewa zaidi ya mara tano ya ile iliyo juu ya kichwa chako, pamoja na vumbi na moshi wa mashamba wa msimu huu. Ukiisubiri "ikolee giza" umeikosa.

Mipangilio ya kuanzia, halafu rekebisha kwa macho yako: saa 1 kamili ISO 400, f/2.8, sekunde 1. Saa 1 na robo ISO 800, sekunde 2. Kuanzia saa 1 na dakika 35, ISO 1600, sekunde 3 au 4. Angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha), si mwonekano wa picha kwenye skrini, maana gizani skrini inadanganya na kila picha inaonekana imeiva. Mlima wa histogramu ukae robo hadi theluthi kutoka kushoto. Ukigusa ukuta wa kushoto mkia umeuzika humo, huutoi tena.

Na piga RAW (faili ghafi ya sensa). JPEG ya kamera inafuta chenga kwa kulainisha, na mkia wa nyotamkia kwa macho ya programu ile ni chenga tu.

---

kona_ya_lenzi · saa 5:20 usiku

Naongeza ya fokasi maana hapo ndipo picha nyingi zinafia. Weka MF (fokasi ya mkono). Washa skrini, elekeza kwa Zuhura, kuza hadi mwisho, zungusha ringi taratibu mpaka nukta iwe ndogo kabisa, ipite kidogo, urudi. Zuhura kwa mng'ao wake unaweza kuitumia saa 1 kasoro, anga likiwa bado na rangi. Kisha bandika tepu ya karatasi kwenye ringi. Usiamini alama ya ∞ kwenye lenzi, mara nyingi ukweli uko kabla yake kidogo.

Ile AF-P ina ugonjwa wake: ringi haiendeshi vioo moja kwa moja, inaendesha mota. Kamera ikisinzia na kuamka, fokasi inaweza kuwa imehama na tepu yako haina habari. Ukilazimika kuitumia, ongeza muda wa kusinzia kwenye menyu uwe mrefu, na rudia fokasi kila dakika kumi. Pia zima stebilaiza kwenye menyu, ikiwa juu ya tripodi inatafuta mtikisiko ambao haupo na kuutengeneza yenyewe.

Tripodi nyepesi: usivute ile nguzo ya katikati, na miguu ya mwisho myembamba iache ndani. Ning'iniza begi kwenye nguzo likiwa limegusa ardhi kidogo, likibembea ni hasara. Toa mkanda wa kamera, upepo wa Dodoma unaupepea kama bendera. Shata ibonyezwe na taima ya sekunde 2.

---

nyanza_usiku · Jumanne 15 Oktoba, saa 12:40 asubuhi

Wadau, mbona hakuna aliyegusa mwezi? Mwezi utakuwa mpevu tarehe 17, na hapa katikati uko juu unamulika anga lote. Hata uende porini kiasi gani, tarehe 14 hadi 17 anga lina maziwa. Mimi naona asisumbuke na mkia mrefu wiki hii. Tarehe 19 mwezi utachomoza zaidi ya saa moja na nusu baada ya jua kuzama, kwa hiyo kuna dakika 40 au zaidi za giza safi. Tarehe 20 dirisha hilo linapita saa moja na nusu, na nyotamkia yenyewe itakuwa juu, zaidi ya digrii 25 giza likiingia. Hapo ndipo mkia unatoka.

---

Bi_Darubini · saa 1:15 asubuhi

Nusu nakubali. Tatizo ni kwamba ilipita karibu na jua tarehe 27 Septemba na karibu nasi tarehe 12 Oktoba, kama kilomita milioni 70. Tangu hapo inaondoka kwa pande zote mbili, na kila siku inafifia. Tarehe 20 anga litakuwa jeusi lakini kichwa kitakuwa hafifu mara kadhaa kuliko leo. Anayetaka picha yenye mandhari, nyotamkia juu ya mbuyu au mlima, apige sasa: mwezi ulio nyuma yake utamwangazia mandhari bure, na kichwa bado kina nguvu. Anayetaka urefu wa mkia asubiri 19 hadi 22. Hizo ni picha mbili tofauti na hazipatikani usiku mmoja.

Kuna kitu kingine cha siku hizi tu. Jana dunia ilikatiza bapa la njia ya nyotamkia, kwa hiyo vumbi lake tunaliona kwa ubavu. Ukivuta kontrasti kidogo unaweza kukuta mstari mwembamba unaotoka kwenye kichwa kuelekea chini, upande wa jua. Si kosa la lenzi wala mng'ao wa taa, ni vumbi lililoachwa njiani. Baada ya siku mbili tatu halipo. Kwa hiyo ukipanga picha usibane kichwa chini kabisa ya fremu.

Kamera iwe wima. Mkia unaelekea mbali na jua, na kwa kuwa jua huku linazama karibu wima, mkia nao unasimama. 50mm ikiwa wima inakupa digrii 26 kwenda juu, inatosha mkia wa siku hizi pamoja na kipande cha ardhi. 200mm inabeba kama digrii 7 tu, hiyo ni ya kichwa.

---

mwangaza_dom · saa 2:05 asubuhi

Asanteni sana. Kumbe ni vita ya dakika 40. Sasa hii sekunde 4 kwa ISO 1600 si itatoka giza tupu? Na hapa mjini ile rangi ya chungwa naiondoaje?

---

kona_ya_lenzi · saa 2:38 asubuhi

Rangi ya chungwa ni taa za mji, na dawa yake ni mafuta ya gari. Toka upande wa magharibi, njia ya Bahi, ili mji ubaki mgongoni. Watu wanakosea hapa: wanatoka mjini kwenda mashariki kwenye giza zuri, halafu wanageuka na kupiga kupitia anga la mji uleule. Wa Dar wakumbuke hilo: Kigamboni kwa jioni ni kosa, magharibi yake ndiyo jiji lenyewe. Mizani ya rangi weka 4000K uiache hapo, usiiache kwenye otomatiki, la sivyo kila picha itakuja na rangi yake.

Ya pwani tena: kamera ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kwenda kwenye hewa ya joto na unyevu, kioo kinatoa jasho na unapoteza dakika 20 kati ya 40 ulizo nazo. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto la nje. Kufuta kwa shati hakusaidii, umande unarudi.

Kuhusu giza tupu, jibu ni kupanganisha, yaani kulaza picha nyingi juu ya nyingine ziwe moja. Piga picha 60 za sekunde 4 mfululizo kwa taima ya vipindi ya kamera, nafasi kati ya picha na picha iwe sekunde moja au mbili tu. Zima ile huduma ya kupunguza chenga za shata ndefu, inakula muda sawa na wa kila picha na kukuachia nusu ya picha. Programu za bure za kupanganisha ni DeepSkyStacker, Siril, na Sequator kwa picha zenye mandhari. Chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: picha 25 chenga zinabaki moja ya tano. Mkia unaibuka hapo, haumo kwenye picha yoyote moja.

Mtego ni huu: nyotamkia nayo inahama. Chukulia digrii 5 kwa siku, ni kama sekunde 12 za tao kwa dakika. Kwa 50mm, dakika tano ni pikseli nne hivi. Ukipanganisha kwa nyota, kichwa kinavutika, na ukipanganisha kwa kichwa, nyota zinavutika. Kama mfululizo hauzidi dakika mbili, panga kwa nyota usijali. Ukizidi hapo, DeepSkyStacker ina hali ya nyotamkia: fungua picha ya kwanza, ya mwisho na ile ya rejea, kwenye kila moja weka alama katikati ya kichwa na uhifadhi. Nyingine itazikokotoa kwa saa iliyo ndani ya faili. Kisha chagua "nyota pamoja na nyotamkia". Usipoweka alama, chaguo hilo halitokei, na wengi hudhani programu ni mbovu.

Mandhari yasipitie humo, yatasagika. Chukua picha moja ya saa 1 kamili, ISO 400, tripodi bila kuguswa, uiunganishe mwishoni.

---

mwangaza_dom · saa 2:50 asubuhi

Nimeelewa. Wenye simu tu wafanyeje? Mdogo wangu naye anataka.

---

nyanza_usiku · saa 3:20 asubuhi

Aegemeze simu kwenye kitu kisichotikisika, hiyo ndiyo kazi yote. iPhone ikitulia kabisa, hali ya usiku inafika hadi sekunde 30. Pixel yenye hali ya nyota inapiga picha nyingi na kuzipanganisha yenyewe kwa muda wa hadi dakika nne. Simu nyingine aingie hali ya Pro: ISO 800 hadi 1600, sekunde 8, fokasi kwenye alama ya mlima, taima sekunde 3. Atumie lenzi kuu ya 1x. Ile pana ya 0.5x ina apecha ndogo na nyotamkia itakuwa kama uzi uliodondoka kwenye picha. Kukuza kwa vidole kunakata tu picha, hilo atalifanya nyumbani.

---

kona_ya_lenzi · saa 3:31 asubuhi

Nimesahau moja, mwangaza_dom. Ukimaliza, kabla hujakunja tripodi, funika lenzi kwa kifuniko chake upige picha 15 za giza, ISO ileile, sekunde zilezile. Fanya palepale shambani kamera ikiwa na joto lile la kazi. Ukizipiga nyumbani asubuhi hazilingani, na badala ya kufuta nukta nyekundu utaongeza nyeusi.