Nyota akitaka kuondoka: tudai chipukizi na drafti, nyota mwingine, au tubomoe kila kitu?

Mpenda Kikapu (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Kila nyota wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, akiomba kuondoka, mashabiki hugawanyika. Njia ninazoziona ni tatu. Unamtoa kwa kijana mwenye kipaji pamoja na nafasi nyingi za drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji wapya kila mwaka, kama Oklahoma City walivyofanya walipompeleka Paul George kwa Clippers Julai 2019. Au unamtoa kwa nyota aliyekwisha komaa, kama Dallas walipompeleka Luka Dončić kwa Lakers na kumchukua Anthony Davis, Februari 2025. Au unabomoa kikosi chote na kukubali kufungwa ili upate chaguo za juu, maana timu dhaifu ndizo huchagua mapema, kama Philadelphia kuanzia 2013. Mimi nasimama na ya kwanza. Nani anapinga?

Rebaundi
Sikupingi mkuu, ila wengi wanaitaja biashara ile ya George kwa idadi tu: nafasi tano za raundi ya kwanza. Idadi si kitu kama hujaangalia nafasi hizo ni za nani na za lini. Nafasi ya timu inayoshinda mechi 55 huangukia mwisho wa raundi, ambako kupata mchezaji wa kikosi cha kwanza ni kazi. Unatakiwa udai nafasi za miaka ya mbali, wakati nyota uliyewauzia atakuwa amezeeka au ameumia.

Tazameni Boston 2013. Waliwapa Brooklyn Kevin Garnett akiwa na miaka 37 na Paul Pierce akiwa na 35. Wakachukua nafasi za 2014, 2016 na 2018, na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2017, yaani kuchukua ya Brooklyn ikiwa bora kuliko yao. Haki hiyo ipo kwa sababu ligi hairuhusu timu kugawa nafasi zake za raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana, kwa hiyo mwaka wa katikati mnabadilishana tu. Ya 2016 ikamleta Jaylen Brown. Msimu wa 2016–17 Brooklyn wakashika mkia wa ligi nzima, huku Boston wakiongoza ukanda wa mashariki, na chaguo namba moja likaenda kwa Boston! Wakashuka hadi namba tatu kwa makubaliano na Philadelphia, wakamchukua Jayson Tatum. Ubingwa ukaja 2024. Timu iliyoongoza ukanda ilikuwa inachagua kwa kutumia vipigo vya mwenzake. Kwangu huko ndiko kujenga upya kwa akili.

Damu ya Sixers
Naomba niseme kama shabiki wa Philadelphia. Msimu wa 2015–16 tulishinda mechi 10 na kufungwa 72. Tulimpata Joel Embiid, chaguo namba tatu 2014, na nampenda mpaka leo. Lakini hadi anatwaa MVP, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, 2023, hatukuwa tumevuka raundi ya pili ya mchujo pamoja naye. Vijana wanaokulia kwenye kikosi kisicho na mkongwe hata mmoja hawana wa kuwafundisha kumaliza mechi ngumu. Na mwaka 2019 ligi ilibadilisha bahati nasibu inayopanga nani achague kwanza: timu tatu za mwisho zikapewa uwezekano sawa wa kupata chaguo namba moja, asilimia 14 kila moja. Kufungwa makusudi kukapoteza thamani. Njia ya tatu siitaki tena.

Pointi Tatu
Mmeisahau Toronto. Walimtoa DeMar DeRozan, aliyewatumikia misimu tisa, wakamchukua Kawhi Leonard aliyebakiwa na mwaka mmoja wa uhakika kwenye mkataba. Iliuma sana. Mwaka mmoja baadaye, 2019, wakawa mabingwa, na Kawhi akaondoka. Mimi ningeifanya tena kesho.

Damu ya Sixers
Ule mpira wa mwisho wa Kawhi kwenye mechi ya saba dhidi yetu uligonga ringi mara nne ndipo ukaingia. Usinikumbushe ndugu yangu.

Mpenda Kikapu
@Pointi Tatu, Toronto walikuwa wametoka kushinda mechi 59 na mara tatu mfululizo wakitolewa na Cleveland ya LeBron James. Walikosa mtu mmoja tu. Ukiwa na kikosi cha namna hiyo nakuunga mkono. Timu iliyochoka ikifanya vile inabaki mikono mitupu.

Pointi Tatu
Sawa, nimekuelewa. Na Dallas je? Si walimpata kijana Cooper Flagg, chaguo namba moja?

Rebaundi
Flagg hakutokana na biashara ile, mkuu. Waliingia bahati nasibu ya 2025 na uwezekano wa asilimia 1.8, namba moja ikawaangukia. Walichopewa na Lakers ni Davis, Max Christie na nafasi moja tu ya raundi ya kwanza, ya 2029. Kwa Dončić wa miaka 25 aliyewafikisha fainali 2024! Oklahoma City, kwa George wa miaka 29, walipata Shai Gilgeous-Alexander akiwa na msimu mmoja tu kwenye ligi, na nafasi mojawapo ya Clippers ikawa Jalen Williams, namba 12 mwaka 2022. Wawili hao ndio waliobeba ubingwa wa 2025.

Mpenda Kikapu
Basi nikiwa meneja, sharti langu la kwanza ni kijana ambaye tayari nimemwona akicheza ligi hii. Nafasi za drafti tutajadili baada ya yeye kukubaliwa.