Begi gani la kamera kwa shoo iliyojaa pomoni? Nina hadi Ijumaa

KijanaWaMajengo
Assalaam aleikum jamani, na habari zenu nyote. Nimepata kazi ya kupiga picha shoo ya usiku pale Mama Ngina, huku Mombasa, jukwaa limeelekea bahari, watu wasimama, hakuna viti. Harusi nishapiga mbili tatu, lakini umati kama huo sijauingia na vifaa. Swali langu ni moja tu: begi la mgongoni au lile la kupitisha ubavuni? Bajeti yangu kama shilingi 6,000. Usingizi sipati, kila nikifumba macho naona mkono wa mtu kwenye zipu.

Tuktuk_Namba7
Beba gunia la makaa, kamera tia chini. Sijaona mwizi wa makaa saa nne usiku.

FundiLenzi
Kamera gani, lenzi gani, ngapi? Begi hupimwa kwa kinachoingia ndani.

KijanaWaMajengo
Kamera ya kawaida tu, kaka. Mimi nataka kujua aina ya begi.

Bi_Ukili
Mwanangu, mimi napiga picha za sherehe za kupamba bibi harusi mwaka wa kumi na moja huu. Huko wanaume hawaingii na simu zachukuliwa mlangoni, kwa hivyo nimezoea kupita na vitu vyangu bila mtu kujua. Natumia kikapu cha ukili. Chini sponji ya godoro niliyoikata kwa kisu cha mkate, kamera juu yake, kisha leso, kisha juu kabisa nabandika kitu cha kijinga: chupa ya maji, kitana, pakiti ya visheti. Nimevuka Likoni na kikapu hicho mara nisizoweza kuhesabu, ule umati wa jioni watu wasukumana kushuka pantoni, na hakuna hata mmoja aliyekitazama mara ya pili. Siku moja tu mama mmoja aliniomba kisheti.

Tuktuk_Namba7
Ukampa?

Bi_Ukili
Nikampa viwili ili asizidi kuchungulia.

MzeeFilamu
Vijana wa leo mna mabegi makubwa kuliko kazi. Zama zetu filamu ilikuwa picha 36, ukimaliza umemaliza, na filamu zenyewe nilizitia kwenye mifuko ya shati. Miaka ya themanini nilinunua begi la Domke kwa mwandishi mmoja wa kigeni aliyekuwa yuarudi kwao. Turubai tupu, halina masponji mengi. Aliyelibuni alikuwa mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer huko Marekani, miaka ya 1970, alichoka na masanduku magumu. Begi hilo lakulalia nyongani kama paka. Usiku wa taarabu nilikuwa napenya katikati ya watu wanaotunza, noti zaruka juu ya kichwa changu, na sigusi mtu. Ninalo hadi leo, mke wangu hutilia vitunguu.

FundiLenzi
Mzee, shikamoo. Sasa kijana, narudia. Ni kamera gani?

KijanaWaMajengo
Haya. Ni mbili. Moja ina lenzi ya 70-200 ya f/2.8, nyingine ya 24-70. Na flashi, na betri nne.

FundiLenzi
Hiyo ndiyo "ya kawaida"? Ile 70-200 peke yake ni kama kilo moja na nusu, urefu wapata sentimita 20. Ingelikuwa vyema ungesema mwanzo, maana jibu labadilika kabisa.

Ukiwa na kamera mbili, begi kubwa la nini? Moja ivae begani, nyingine kifuani, na usibadilishe lenzi pale hata kidogo. Upepo wa pwani una chumvi na watu wakicheza vumbi lapanda. Begi la mgongoni ndani ya umati hulioni. Ukigeuka wampiga mtu wa nyuma usoni, na ukitaka betri lazima ulivue, ulivulie wapi? Chukua kibegi cha kiunoni, kigeuze mbele ya tumbo, kiwe cheusi kisicho na jina la kampuni: betri, kadi, kitambaa. Kadi zilizojaa zisikae humo, zitie mfuko wa suruali wenye kifungo. Wakiiba kamera, angalau kazi ya mteja unayo. Na yale maandishi meupe kwenye mkanda wa kamera yazibe kwa tepu nyeusi.

Hizo ni kamera zako?

KijanaWaMajengo
Asante sana kaka. Lakini kibegi cha kiuno chanionesha kama mtalii. Nami nilishaanza kuegemea la mgongoni.

FundiLenzi
Nimeuliza ni zako?

Mja_wa_Mola
Kimya hicho kina mshindo.

KijanaWaMajengo
Ni za shemeji yangu. Ni baharia, yuko melini hadi Desemba. Si kwamba nimeiba, dada mwenyewe ndiye alonipa ufunguo wa kabati. Shemeji hajui bado, lakini ni mtu mzuri, na nikilipwa nitamtolea kitu. Tusiharibu uzi, swali lilikuwa begi.

Mja_wa_Mola
Nguo ya kuazima haisitiri matako, nawe hata kuazima hujaazima. Dada yako hana mamlaka ya kukupa amana ya mumewe. Yule yuko katikati ya maji miezi hii yote kutafuta riziki, wewe wamchezea mali yake kwenye ngoma. Begi si tatizo lako.

Bi_Ukili
Mwacheni kidogo, yuatafuta kazi. Ila mwanangu, mpigie shemejio kabla dada yako hajalala na moyo juu.

KijanaWaMajengo
Melini mtandao ni shida. Na kusema kweli begi nishalitilia arbuni 3,000, hazirudi. Si baya hivyo msemavyo. Ni lita 25, zipu yafungukia upande wa mgongo kwa hivyo mwizi haifikii, lina koti la mvua ndani, mshipi wa kifuani, pahali pa laptop ya inchi 15, sponji za kupanga utakavyo. Lote ni 7,500.

MpitaNjia_Tanga
Hahaha! Wakuu, mmeshikwa. Mtu halali kwa wasiwasi lakini anajua lita za begi na inchi za laptop? Akaunti ina siku tatu. Huyu ndiye mwenye duka. Baharia, dada, ufunguo wa kabati, hiyo ni tamthilia ya saa mbili usiku.

Tuktuk_Namba7
Bosi, tukichukua matano wapunguza? Makaa nitatia mimi.

MzeeFilamu
Hata mimi nilishangaa. Bajeti 6,000, begi 7,500.

KijanaWaMajengo
Wallahi mimi si muuzaji! Hayo yote yameandikwa kwenye kijikaratasi cha begi, nilikipiga picha. Nimekuja hapa kwa sababu sina wa kumuuliza, nanyi mwanicheka.

FundiLenzi
Tulieni. Kijana, nijibu kitu kimoja bila kwenda kutafuta: huyo baharia kamera zake huziweka vipi kabatini?

KijanaWaMajengo
Haziko wazi. Ziko kwenye ndoo ya plastiki nyeupe, ya kifuniko cha kubana, kama ya rangi. Chini kuna taulo. Kisha kuna vifuko vidogo vya kitambaa vina punje za buluu, vyote vimeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino. Cha Machi, cha Juni, hivyo. Viwili punje zake zimegeuka waridi, nikaona vimeharibika, nimevitupa.

FundiLenzi
Haikuharibika kitu. Hizo punje hunyonya unyevu, zikishiba zageuka waridi, wazikaanga kwa moto mdogo zarudi buluu. Bila hizo, kwa hewa yetu hii, kuvu huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui. Kavitoe kwenye taka.

MpitaNjia, mimi namuamini. Muuza mabegi hawezi kutunga ndoo ile.

MpitaNjia_Tanga
Sawa mkuu, nimerudi nyuma hatua moja. Moja tu.

FundiLenzi
Lakini sasa kijana, mimi ndiye nitakayekosa usingizi. Mtu aandikaye tarehe kwenye vifuko, hesabu ya shata ya kila kamera yake yuaijua kwa kichwa. Shoo moja wapiga picha elfu mbili. Hata uzirudishe zimepanguswa, ziking'ara kuliko alivyoziacha, atajua siku ya kwanza.

KijanaWaMajengo
Hesabu ya shata ndiyo nini?