Naomba ushauri: mitishamba ya ini kwa mtu aliye kwenye dawa za hospitali

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Kaka yangu amegundulika na homa ya ini aina ya B, na daktari amemwanzishia tenofovir, kidonge kimoja kila siku. Tatizo lipo nyumbani. Shangazi kaleta dumu la lita 5 la shubiri iliyochemshwa na mizizi ambayo hataki kuitaja, mapovu juu, harufu hadi sebuleni. Anasema kichungu ndicho kinachosafisha ini, vidonge aviache kwanza. Hilo la kuacha vidonge nimelikataa kabisa, maana virusi vinaweza kuamka upya kwa kasi na ini likafeli. Dumu lenyewe naliogopa pia: shubiri ya kunywa, hata vidonge vya bizari ya manjano vya dukani, vimewahi kuumiza maini ya watu. Manjano ya kwenye mchuzi sina ugomvi nayo.

Kwenye chakula ndipo nahitaji msaada zaidi. Tunampa mchunga, majani ya mlonge, samaki na kahawa bila sukari, pombe kaacha. Karanga na mahindi tunachambua, yenye ukungu tunatupa, kwa ajili ya sumukuvu ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Kuna aliyeuguza mgonjwa wa hivi? Alikuwa anakula nini, na daktari alikubali mitishamba ipi? Halafu shangazi nimwambieje bila kumvunjia heshima? Jumamosi anakuja na dumu la pili.