Maporomoko ya Boyoma: mbona kwenye picha ni mafupi hivi?

Mwana_Kigoma: Wakuu habari za mchana. Kila nikisoma habari za mto Kongo nakuta Boyoma inatajwa kati ya maporomoko makubwa kabisa duniani, sasa nikafungua picha naona maji yanagonga mawe tu, hata ghorofa moja hayafiki. Ukubwa uko wapi? Na meli za Kinshasa zinapitaje hapo?

mpenda_ramani: Mkuu usitafute ukuta mmoja wa maji kama Victoria. Boyoma ni maporomoko saba, yamejipanga kama ngazi kuanzia Ubundu mpaka Kisangani, kilomita 100 hivi, na yote kwa pamoja mto unashuka mita 60 tu. Ukubwa ni wingi wa maji, wastani unafika mita za ujazo 17,000 kila sekunde, Victoria ni refu, linapita mita 100, ila kwa wastani maji yake hata sehemu ya kumi ya hayo hayafiki. Meli haipiti, inaishia Kisangani, ndio maana mji uko pale. Wabelgiji wakaweka reli ya Kisangani–Ubundu, kilomita 125, ikamalizika 1906, mzigo ukawa unashuka melini unapanda treni halafu Ubundu unarudi majini kwenda Kindu.

wa_Makiso: Miye niko hapa Kisangani. Ndugu, ukisimama pale kwa Wagenia, jamii ya wavuvi wa hapa, hautauliza tena ukubwa, unasikia kishindo mpaka kifuani. Wavuvi wanasimika magogo kwenye matundu ya mwamba katikati ya maji makali, wanayafunga na kamba za porini, halafu wananing'iniza migono mikubwa, mutu muzima anaingia ndani. Samaki akisukumwa na maji humo hatoki. Kwenda kuitoa wanapanda juu ya yale magogo huku maji yanachemka chini, ni kazi ya kurithishana baba kwa mtoto na naiheshimu sana.

Mwana_Kigoma: Asante sana! Kumbe Kiswahili kinafika mpaka huko?

mpenda_ramani: Tena zamani, misafara ya pembe na watumwa ilifika hapo na Tippu Tip wa Zanzibar alifanywa gavana wa Stanley Falls 1887, ndio hiyo hiyo Boyoma.

wa_Makiso: Ukija usichanganye na maporomoko ya Tshopo, yale yenye bwawa la umeme, huo ni mto mwingine. Pale kwa Wagenia ni poromoko la saba, liko karibu na mji, hayo mengine sita panga safari ya Ubundu.