Tupeane uzoefu: wanaume, mwili ulianza kubadilika ukiwa na miaka mingapi?

Baba Wawili (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu katimiza miaka 14 mwezi uliopita. Likizo hii kagoma kwenda kwaya. Kumbe wenzake wote wameshahamia besi, yeye bado anaimba sauti ya kwanza na akina dada. Juzi kaniuliza, "Baba, mimi nina shida?" Nikababaika. Ya kwangu nakumbuka viatu tu: Januari vilinitosha, Septemba vidole vimekunjamana ndani, na urefu ulikuwa ule ule. Nyie wenzangu ilikuwaje?

Nukta
Hilo jina nilipewa shuleni. Paredi tulipangwa kwa urefu, nami nilisimama wa kwanza mbele mpaka kidato cha tatu. Halafu Juni hadi Desemba suruali ikageuka kaptula, mama akasema hashoni tena. Kumbe na mzee wangu alinyoa ndevu za kwanza akiwa ameshaajiriwa. Mkuu, ulizia upande wa babu.

Konda Alinionea
Mimi kinyume. Darasa la tano sauti nzito, masharubu yanachungulia. Kwenye daladala nina sare kabisa, konda ananidai nauli ya mkubwa! Mwalimu akanipa ukiranja kwa ajili ya sura tu. Ila kidato cha pili nikagota, na wale niliokuwa nawaangalia kutoka juu wakanipita mmoja mmoja. Leo kwenye picha za harusi za ukoo nawekwa mstari wa mbele.

Sweta la Februari
Ngoja niseme ambalo wengi hulificha. Darasa la saba kifua kilivimba, chuchu zinauma hata shati likigusa. Nikavaa sweta Dar es Salaam, Februari! Nilijua nageuka msichana. Sikumwambia mtu, na mwaka uliofuata kikanywea chenyewe. Nimekuja kusikia ukubwani kwamba karibu nusu ya wavulana hupitia hali hiyo, na kwa kawaida huisha ndani ya miaka miwili.

Tabibu wa Zamu
Mleta mada, sauti isikutishe, si yenyewe inayoanza. Kinachotangulia ni korodani kukua, kitu ambacho kwaya nzima haiwezi kukiona. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 9 na 14. Kurefuka kwa kasi huja baadaye, wengi wakiwa na 13 au 14, na mwaka wa kilele mtoto anaweza kuongeza sentimita 9 au 10. Sauti huvunjika karibu na hapo. Ndevu huja mwishoni, zikianzia pembe za mdomo wa juu, kidevu baadaye. Viatu vyako vilikuwa sahihi kabisa: nyayo hutangulia kimo.
Ila akifika 14 bila dalili yoyote, mpeleke hospitali. Daktari anaweza kuagiza eksirei ya kiganja cha kushoto aone umri wa mifupa. Wengi hukutwa wamechelewa tu. Na aliyeanza kabla ya miaka 9 naye akaonwe.

Mdogo Mtu
Naongezea hapo. Kaka yangu ana selimundu. Nilimpita kimo na sauti, wageni wakidhani mkubwa ni mimi. Nyumbani wakasema karogwa, hela ikaishia kwa waganga. Kliniki ndiyo walituambia ugonjwa wenyewe huchelewesha balehe. Alibadilika akikaribia miaka 18. Sasa ana ndevu kunizidi, na hachoki kunikumbusha.

Baba Wawili
Asanteni sana. Nimempigia mzee kijijini, nikaweka spika kijana asikie. Kacheka mpaka akakohoa. Anasema hadi namaliza kidato cha nne, mgeni akibisha hodi nikaitikia, alikuwa anasema, "Binti, baba yupo?" Jumatatu tunakwenda hospitali vilevile. Ila jioni hii huko chumbani nasikia sauti ya kwanza inaimba.